Ratiba ya Masomo ya Nyumbani Ikikataa Kushika: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Nyumba za Lamu

Malalamiko ya wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, kuanzia Langoni hadi Shela, hayapishani sana. Ratiba imeandikwa kwa rangi tatu na kubandikwa ukutani. Wiki ya kwanza imekwenda vizuri, wiki ya pili imeyumba, na ya tatu hakuna anayeitazama. Hapo mtoto huambiwa mvivu, mama hujiona ameshindwa, na ratiba yenyewe haiguswi. Ilhali mara nyingi kasoro ni yake. Imenakiliwa kutoka shuleni, na shule ina kengele na mwalimu asiyepika chakula cha mchana. Nyumba ya Lamu ina adhana, chuo (yaani madrasa), joto la saa saba na hodi mlangoni. Hayo ndiyo yasiyosogea, na masomo hayana budi kupangwa katikati yake.

Tafuta dalili iliyo kwako. Chini ya kila dalili, sababu zimepangwa kuanzia ile inayokutwa mara nyingi. Rekebisha jambo moja tu, ulipatie siku 5 za masomo, ndipo uguse jingine. Ukibadili matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililosaidia.

Lipo jambo moja la kumaliza kabla ya ratiba. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Kwa hivyo kama unakusudia kumsomesha nyumbani moja kwa moja, si kwa likizo, ugonjwa au wakati wa kuhama, nenda kwanza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ukaulize msimamo wao, na upate ushauri wa wakili ukihitaji. Ratiba haitatui suala la sheria.

DALILI YA 1: Saa nne imefika na daftari halijafunguliwa

Sababu ya kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala katika saa 24. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri na alilala saa nne usiku amepata saa 7, na hakuna ratiba itakayofidia upungufu huo. Ukitaka kupima, mwache siku moja aamke mwenyewe. Akipitiliza kwa saa 2 au zaidi, ana deni la usingizi. Marekebisho: alale mara baada ya isha. Rudisha saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila baada ya usiku 2 au 3, si kwa mkupuo, na simu itoke chumbani saa nzima kabla. Usingizi wa mchana baada ya adhuhuri nao unahesabika. Kwa mtoto anayeamka alfajiri, dakika 45 za mchana hazina ubaya, mradi asilale hadi alasiri ikapita.

Sababu ya pili: kuanza kwa masomo kumefungwa kwenye kazi za jikoni. "Nikishaosha vyombo tutaanza." Vyombo havina saa maalumu, kwa hiyo masomo nayo hayana. Weka saa isiyosogea, tuseme saa mbili na nusu, na dakika 20 za mwanzo ziwe za kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya peke yake: hesabu 10 za namna aliyofanya jana, mistari 6 ya mwandiko, au kumsomea mdogo wake kwa sauti. Wewe unageuza mahamri, yeye ameshaanza. Usifungue siku kwa somo jipya wala kwa somo analolichukia, maana atakaa akikungoja na mwanya huo hujaa michezo.

Sababu ya tatu ni vifaa. Hili ni jepesi: usiku weka kwenye kikapu kimoja daftari za kesho, kalamu 2 za risasi zilizochongwa, kifutio, rula, kitabu kikiwa na alama kwenye ukurasa na chupa ya maji. Kinachotafutwa asubuhi hula dakika 15 kila siku, na kwa siku 5 hiyo ni saa 1 na robo.

Sababu ya nne husahauliwa sana katika nyumba za mawe: mwanga. Kuta ni nene, vyumba vya ndani vina kiza hata saa tatu asubuhi, na mtoto huanza kupiga miayo ukadhani ni uvivu. Mweke mahali ambapo mwanga unatoka mkono wa kushoto ikiwa anaandika kwa kulia, na wa kulia ikiwa ni wa shoto, ili kivuli cha mkono kisifunike anachoandika. Kiwandani, yaani uani mwa nyumba, pana mwanga wa kutosha lakini jua husogea. Chukua chaki, weka alama sakafuni mahali kivuli kilipoishia saa tatu, kisha saa nne, kisha saa tano, halafu tandika mkeka ndani ya alama zote tatu. Weka alama mpya msimu ukigeuka: katikati ya mwaka jua liko upande wa kaskazini yetu, na mwisho wa mwaka limehamia kusini, kwa hivyo pembe iliyokuwa na kivuli mwezi Juni inaweza kuwa ya jua kali Disemba. Darini ni pazuri kwa kusoma kitabu asubuhi, lakini upepo wa kusi hupeperusha karatasi, na mtoto atakuwa anakimbiza karatasi badala ya kuandika.

Simama hapa ikiwa mtoto analala saa za kutosha na bado anasinzia mchana kutwa, au anakoroma kwa nguvu na pumzi inakatika usingizini, au amekuwa mweupe midomoni na viganjani na kuchoka upesi. Hilo si la ratiba. Mpeleke hospitali.

DALILI YA 2: Viporo vinaongezeka, kila Ijumaa kuna masomo yasiyofanywa

Hapa sababu karibu ni moja: vipindi ni vingi kuliko muda uliopo. Mzazi huchukua ratiba ya shule, vipindi 7 kwa siku, akaipachika nyumbani. Katika mtaala wa umilisi, kipindi cha shule ni dakika 30 kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, dakika 35 kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, na dakika 40 kwa sekondari ya chini. Lakini ndani ya dakika hizo mna kunyamazisha darasa, kugawa vitabu na kungoja wa mwisho amalize. Mtoto mmoja mbele ya mzazi mmoja hamalizi muda huo kwa mambo hayo. Kazi ile ile huisha mapema, naye huchoka mapema pia, kwa sababu hana pa kujificha.

Kisio linalofaa kwa muda wa kukaa na kusoma kwa makini ni hili: saa 1 na nusu hadi 2 na nusu kwa siku kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, saa 3 hadi 4 kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, saa 4 hadi 5 kwa Gredi ya 7 hadi ya 9. Ukipanga zaidi ya hapo, zile za ziada ndizo zinazogeuka viporo.

Fanya hesabu hii kwa karatasi. Chukua mtoto wa Gredi ya 4 anayekwenda chuoni mchana.

Muda uliopo: saa mbili na nusu hadi saa sita, yaani dakika 210.
Toa robo kwa hodi, kutumwa dukani na mengine: zinabaki kama dakika 160.
Kipindi kimoja ni dakika 35 na mapumziko 10, jumla 45.
Vipindi 3 ni dakika 135. Zinabaki 25 za kusoma hadithi.

Kwa hiyo ana vipindi 3 na kusoma. Si 7. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi atakuwa na vipindi 12: hesabu 4, Kiswahili 3, Kiingereza 3, sayansi 2. Ijumaa ni fupi kwa sababu ya sala ya jamaa. Iachie maarifa ya jamii na sanaa, na isizidi saa 1 na nusu. Kilimo na lishe hufanyika jikoni na kwenye mche wa ndimu, na elimu ya dini tayari anayo chuoni. Linganisha tu mada za kitabu cha mtaala na yale maalim anayofundisha, ujaze yaliyopungua.

Ukiiona robo ile ni nyingi, ijaribu. Usipoitoa mwanzo, nyumba itaitoa yenyewe, na itaitoa kwenye kipindi cha mwisho kila siku. Ndiyo maana katika nyumba nyingi somo lililowekwa mwisho, mara nyingi sayansi, halifundishwi hata mwezi ukaisha.

Viporo vilivyokwisha kurundikana usivibebe. Pitia orodha, chagua 3 ambavyo somo linalofuata haliwezi kueleweka bila hivyo (mfano kugawanya kabla ya sehemu), vipe kipindi kimoja kimoja wiki ijayo, na vilivyobaki vifute.

DALILI YA 3: Asubuhi ni mzuri, alasiri anagoma au analia

Kwanza, hesabu saa zote anazokaa kitako. Wazazi wengi hawahesabu chuo kama masomo, lakini kichwa cha mtoto kinahesabu. Aliyekaa saa 3 na nusu nyumbani na saa 2 chuoni, akihifadhi kwa moyo, ameshafanya kazi ya siku nzima. Ukimwekea tena hesabu baada ya alasiri, utapata machozi na makosa. Baada ya chuo ni mpira, kuogelea au kukaa barazani tu. Kama lazima kuwe na kitu jioni, kiwe kusomewa hadithi, si kuandika. Zungumza pia na maalim wake: muulize ni siku gani wana mapitio marefu au wanasikilizwa, na siku hizo upunguze kipindi kimoja asubuhi.

Pili ni joto. Kuanzia Februari hadi masika yaanze, saa sita hadi saa tisa ni saa mbaya za kufikiri, hasa chini ya mabati. Sogeza kazi ngumu ziishe kabla ya saa tano na anza nusu saa mapema. Weka chupa ya maji mkononi na hakikisha ameimaliza kabla ya adhuhuri.

Tatu ni njaa. Chai na mkate mtupu saa moja havimfikishi saa sita. Saa nne mpe kitu chenye nguvu: yai, mbaazi, karanga, au ndizi na maziwa. Visheti na soda humchangamsha kwa muda mfupi kisha humwangusha.

Nne, vipindi vinavyofanana vimefuatana: kuandika, kuandika, kuandika. Panga kipindi cha mkono, kisha cha mdomo, kisha cha mwili. Pwani yenyewe inasaidia. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na huo ndio wakati wa kipindi cha sayansi ufukweni: kaa, kome, nyasi za baharini, mikoko. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo usiandike "ufukweni Jumatano" kwa mwezi mzima. Tazama mwezi kwanza. Mtu mzima awe naye muda wote, na mrudi kabla maji hayajaanza kujaa.

Simama: homa kwa mtoto wa pwani ni kupimwa malaria siku hiyo hiyo, si kungoja Jumamosi. Mtoto aliyepigwa na joto akapata kizunguzungu na kutapika, muweke kivulini, mvue nguo nzito, mpooze kwa maji, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au kulegea, usimpe chochote mdomoni. Kimbilia hospitali huku mnaendelea kumpooza.

DALILI YA 4: Watoto wawili au watatu, na mmoja daima anangoja

Sababu ni kwamba wote wamewekewa vipindi vinavyomtaka mzazi kwa wakati mmoja. Gawa kazi za kila mtoto katika mafungu mawili, "na mama" na "peke yangu", kisha uzipishanishe. Mkubwa anapofanya hesabu peke yake dakika 30, mdogo anafundishwa kusoma, halafu mnabadilishana. Mdogo wa chini ya miaka 6 hana "peke yangu" ya zaidi ya dakika 10 hadi 15, kwa hiyo mpe wa kwanza dakika zako, akishiba aende akacheze. Ukimwahirisha hadi mwisho, ataharibu vipindi vya wote.

Masomo mawili yanaweza kuwa ya pamoja bila kujali gredi: hadithi ya kusomewa na sayansi ya vitendo. Mkubwa anaandika aya, mdogo anachora. Hesabu usijaribu kuiunganisha.

Usimfanye binti mkubwa kuwa mwalimu wa kudumu wa wadogo zake. Dakika 15 kwa siku humjenga; zikizidi, masomo yake ndiyo yanayolipa.

DALILI YA 5: Mtoto anachanganya saa, au mwalimu wa mtandaoni anaingia na kumkosa

Ratiba ya ukutani imeandikwa "saa 8 hesabu", simu inaonyesha 8:00, na bibi anasema saa mbili. Mtoto wa miaka 8 ana haki ya kupotea. Chagua namna moja ya kuandika na uitumie kila mahali. Iliyo rahisi ni kuchora uso wa saa yenye mishale kando ya kila kipindi, na chini yake maneno "saa mbili na nusu asubuhi" pamoja na tarakimu za simu, 8:30. Mtoto analinganisha picha na saa ya ukutani bila kuhesabu. Akifika Gredi ya 3 mfundishe kugeuza: ongeza au toa 6. Atalihitaji hilo kwenye mitihani.

Kwa wanaofundishwa na mwalimu au ndugu aliye Uingereza, kasoro nyingine hutokea mara mbili kwa mwaka. Wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kuanzia mwisho wa Oktoba tuko mbele yao kwa saa 3, kuanzia mwisho wa Machi kwa saa 2. Kipindi cha saa kumi jioni kinaweza kuangukia saa tisa bila mtu yeyote kukosea. Weka ukumbusho kwenye simu wiki moja kabla, na mkubaliane mapema kama kipindi kitafuata saa ya Lamu au ya kwao.

DALILI YA 6: Inakwenda vizuri Jumatatu na Jumanne, kisha inavunjika

Sababu inayoongoza ni wageni na shughuli. Arusi, msiba, jamaa kutoka Pate au Faza, Maulidi. Haya hayazuiliki, na si vizuri yazuiliwe. Mtoto hujifunza utu humo. Kosa ni kuwa na ratiba ya aina moja tu, ya siku nzima au hakuna. Kuwa na mbili. Ya pili iwe fupi, ya dakika 45: hesabu 15, kusoma 15, kuandika 15. Iandikwe kwenye kadi ndani ya kikapu kile kile, ili hata shangazi aweze kuisimamia barazani. Siku ya shughuli unatoa kadi, hamna mjadala.

Sababu ya pili ni kutumwa. Mtoto aliye nyumbani huonekana hana kazi, kila mtu anamtuma sukari. Sema na watu wa nyumbani, kwa adabu na kwa uwazi, kuwa kutoka saa mbili na nusu hadi saa sita hatumwi. Mara nyingi babu na bibi hukubali upesi wakiambiwa saa, kuliko wakiambiwa "anasoma" tu.

Sababu ya tatu ni stima na mtandao. Ratiba inayotegemea video kwa kila kipindi itaanguka stima ikipotea. Isizidi kipindi kimoja kwa siku chenye kuhitaji skrini, pakua masomo usiku unapokuwa na bando, na kwa kila somo la video uwe na ukurasa wa kitabu unaofundisha jambo lile lile. Nyenzo za Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya zikipakuliwa mara moja hutumika muhula mzima.

Ramadhani ni msimu wake peke yake. Daku imekata usingizi, na mtoto anayejifunza kufunga anaishiwa nguvu mapema. Mwache alale baada ya alfajiri, anza saa tatu, bakiza hesabu na kusoma tu, malizeni saa tano na nusu. Wiki 4 za namna hiyo hazimwachi nyuma ikiwa muhula ulipangwa ukijua zinakuja. Kumlazimisha ratiba ya kawaida humfanya achukie vyote viwili.

DALILI YA 7: Ratiba inafuatwa barabara, lakini mtoto hajui

Hii ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na huchelewa kuonekana kwa sababu daftari limejaa vyema. Anza na ukaguzi wa dakika 5. Funga vitabu, mpe maswali 5 ya mambo ya wiki iliyopita, nawe kaa kimya kabisa. Akipata 4 au 5, hakuna tatizo. Akipata 2 au chini, endelea kusoma hapa.

Inayokutwa zaidi: mzazi anasaidia mno. Anasogeza kidole kwenye jibu, anatamka silabi ya kwanza, anakunja uso jibu likikosewa. Mtoto anasoma uso wa mama, si kitabu. Jaribu kukaa nyuma yake badala ya mbele. Akikwama, hesabu kimyakimya hadi 10 kabla ya kufungua mdomo, kisha uliza "umefika wapi?" usimwambie jibu. Wiki ya kwanza itakuwa ya polepole sana. Vumilia.

Inayofuata: hakuna marudio. Somo limefundishwa mara moja, likafungwa. Weka dakika 10 za mwanzo wa kila siku kwa maswali ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, 2 kwa kila moja, kwa kumbukumbu bila kutazama daftari. Dakika hizo 10 zina faida kuliko kipindi kizima cha kunakili.

Ya tatu: kitabu si cha kiwango chake. Chagua ukurasa wenye maneno kama 100, asome kwa sauti, wewe uhesabu anayokosea au kushindwa. Akikosea chini ya 5, anaweza kusoma kitabu hicho peke yake. Kati ya 5 na 10, asome nawe. Zaidi ya 10, kitabu ni kigumu. Shuka gredi moja bila kuona haya, na usimwambie kuwa umeshuka. Fanya jaribio hilo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza mbalimbali. Wapo watoto wengi wanaosoma Kiswahili vizuri lakini hesabu zinawashinda kwa sababu tu swali limeandikwa kwa Kiingereza. Msomee swali kwa Kiswahili. Akilikokotoa, shida si hesabu.

Ya nne: macho au masikio. Dalili za macho ni kusogeza kitabu karibu na pua, kufumba jicho moja, kuruka mistari na kichwa kuuma baada ya kusoma. Za masikio ni kuomba urudie, kugeuza upande mmoja, kuongeza sauti ya televisheni. Mnong'oneze jina lake ukiwa nyuma yake, hatua 2, kisha upande wa pili. Watoto wanaoogelea sana hupata usaha sikioni. Usitie mafuta wala kijiti, nenda zahanati.

Kugeuza herufi, b kuwa d, ni jambo la kawaida hadi kama miaka 7. Anayesoma Kiarabu chuoni pia anaweza kuanza mstari upande wa kulia. Mwekee nukta nyekundu kushoto mwa kila mstari kwa wiki 2 na mara nyingi yatosha.

Simama na utafute mtaalamu ikiwa amefika miaka 8 na, baada ya miezi 3 ya mazoezi ya kila siku, bado hawezi kuunganisha silabi. Ikiwa amepoteza uwezo aliokuwa nao wa kusema au kusoma. Ikiwa anakodoa macho kwa sekunde kadhaa bila kuitika, mara nyingi kwa siku, kwani hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa. Au ikiwa hasemi na watu na hatazami usoni. Ya kupoteza uwezo na ya kukodoa macho ni ya daktari, bila kuchelewa. Kwa mengine, anza na kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilipo. Usikubali kuambiwa "atakua tu" mwaka wa pili mfululizo.

DALILI YA 8: Mzazi ndiye anayeshindwa

Ikiwa kila siku inaishia kwa makelele, punguza masomo hadi ile kadi ya dakika 45 kwa wiki nzima na utafute msaidizi wa siku 2 kwa wiki: mjomba wa hesabu, jirani aliyewahi kufundisha. Ikiwa umefika kumpiga kwa sababu ya masomo, au unaogopa utampiga, acha masomo siku hiyo na uzungumze na mtu. Nambari 116 ya kusaidia watoto haina malipo na mzazi pia anaweza kuipiga.

DALILI YA 9: Gredi ya 6 au ya 9 imekaribia na hakuna kilichoandaliwa

Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 ilianza 2022, na ya Gredi ya 9 ilifanywa kwa mara ya kwanza 2025. Usajili wa Baraza la Mitihani la Kenya hupitia shule au kituo kilichosajiliwa, na alama hazitoki kwenye karatasi ya mwisho peke yake. Kazi na miradi ya gredi za kabla yake hupimwa na shule na kuhesabiwa. Kwa hiyo kumpeleka mtoto muhula wa mwisho "akafanye mtihani tu" ni kumchelewesha. Anayelenga mitihani hiyo apatiwe shule kabla ya Gredi ya 4 kuanza, na awe anahudhuria. Ukienda kwa mwalimu mkuu chukua cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule aliyotoka kama ipo, daftari za miezi 3 ya karibuni zenye tarehe kila ukurasa, na majibu ya lile jaribio la maneno 100. Mwalimu mkuu akiona tarehe na makosa yaliyosahihishwa, ni rahisi kwake kumpangia gredi inayomfaa kuliko kumrudisha nyuma kwa kubahatisha.